Kuchagua kemshafti ya injini ya bloku kubwa kwa gari la barabarani: mwongozo kamili

Mwaka 1970 Chevrolet waliuza Chevelle SS yenye injini ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, kwa madaraja mawili. Daraja la chini, LS5, lilitajwa kuwa na nguvu farasi 360. La juu, LS6, lilitajwa 450, na ndani yake kulikuwa na kemshafti (mhimili unaofungua na kufunga vali) kali ya tapeti ngumu, uwiano wa mgandamizo wa 11.25 kwa 1 na kabureta kubwa ya Holley. Pengo la farasi 90 si dogo. Lakini tazama torki: zote mbili zilitajwa pauni-futi 500, karibu nyutoni-mita 678. LS5 ilifikia torki hiyo kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika, LS6 kwenye 3,600. Farasi 450 za LS6 zilipatikana kwenye 5,600, wakati LS5 ilikuwa imeshatoa zake zote kwenye 4,400.

Kwa hiyo kemshafti kubwa haikuongeza msukumo wa injini. Iliusogeza juu. Ukiwa barabarani unaendesha gari la karibu kilo 1,800, unatoka kwenye taa na kupita mitaa, ukikaa sana kati ya mizunguko 1,500 na 4,000, jiulize kama huko juu ulikosogezewa nguvu utafika mara ngapi kwa wiki.

Hapa Michigan ninakofanyia kazi, magari haya ya misuli bado yanapendwa mno. Karibu kila Agosti tangu 1995 hukusanyika Woodward Avenue, barabara inayotoka Detroit, na ukisimama kando ya njia utasikia kemshafti kabla hujaliona gari. Ule mngurumo wa kuruka-ruka ndio unaowaponza watu. Wananunua sauti. Nimefungua injini nyingi za lita 7 na zaidi ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa kemshafti iliyochaguliwa kwa sikio. Mwongozo huu ni wa kuichagua kwa kalamu, na namba nitakayoirudia kuliko zote ni moja: mahali vali ya hewa inapojifunga.

Kwanza, tuelewane maneno

Kemshafti huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Kila nundu juu yake husukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma roka, na roka ndiyo inayobonyeza vali ifunguke. Digrii zote nitakazotaja ni za krenki.

Muda wa kufunguka ni digrii ambazo vali iko wazi. Kwenye katalogi utaona namba mbili. Moja ni ndefu, tuseme 268, nyingine ni fupi, tuseme 218. Ile ndefu imeanza kuhesabiwa tapeti ilipoanza kusogea kidogo tu, na kila mtengenezaji ana mahali pake pa kuanzia: mmoja elfu 6 za inchi (0.006), mwingine elfu 4, mwingine elfu 20 kwa tapeti ngumu. Ile fupi inahesabiwa tapeti ikiwa imepanda elfu 50 za inchi, yaani milimita 1.27, na kipimo hicho ni kimoja kwa wote. Ukilinganisha kemshafti za kampuni mbili, tumia ile ya elfu 50. Ile ndefu ibakize, tutaihitaji kwenye hesabu ya mgandamizo.

Mnyanyuo ni umbali ambao vali inafunguka: kimo cha nundu mara uwiano wa roka. Hapa watu wengi hukosea kwa kusoma katalogi ya injini nyingine. Bloku kubwa ya Chevrolet ina roka za 1.7, Ford 460 ina 1.73, Chrysler 440 ina 1.5. Nundu ya inchi 0.330 itafungua vali inchi 0.561 kwenye Chevrolet, lakini 0.495 tu kwenye Chrysler. Chrysler nao wana faida yao: tapeti yao ni pana, inchi 0.904, ukilinganisha na 0.875 ya Ford na 0.842 ya Chevrolet. Tapeti pana huruhusu nundu yenye mteremko mkali zaidi, kwa hiyo vali hufunguka haraka bila kukaa wazi muda mrefu. Kemshafti iliyochongwa kwa kipimo cha tapeti za Chevrolet ikiwekwa kwenye Chrysler itafanya kazi, ila unaacha mezani kitu ulichokwisha kulipia.

Pembe kati ya nundu ni umbali kati ya kilele cha nundu ya hewa na kilele cha nundu ya moshi. Kwa injini hizi huwa kati ya 106 na 114. Mpandano wa vali ni digrii ambazo vali zote mbili ziko wazi kwa pamoja, moshi ukimalizika kutoka na hewa mpya ikianza kuingia. Mpandano ndio unaotoa ile sauti, na ndio unaokula vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Unaupata hivi: jumlisha muda wa hewa na wa moshi, gawa kwa 4, toa pembe kati ya nundu, kisha zidisha kwa 2. Kemshafti ya 268 kwa 268 yenye pembe ya 110 ina mpandano wa digrii 48. Ya 292 kwa 292 kwenye pembe hiyohiyo ina 72.

Hatua ya 1: Andika gari lilivyo, si unavyolitamani

Chukua karatasi. Andika ujazo wa injini, uwiano wa mgandamizo, hedi ni za chuma au alumini, giaboksi ni ya aina gani, uwiano wa difu, kipenyo cha tairi, busta ya breki inatumia vakyumu au la, na petroli utakayotia.

Mgandamizo usiuchukue kwenye mdomo wa muuzaji. Mwaka 1971 General Motors walishusha mgandamizo wa injini zao ili ziweze kutumia petroli ya okteni ya chini, na 454 nyingi za miaka iliyofuata, hasa zilizotoka kwenye malori madogo, ziko karibu na 8.5 au chini ya hapo. Bloku ni ileile, na rangi ya machungwa ni ileile. Ukiwa na shaka, ng'oa hedi, pima ujazo wa chemba kwa bomba lenye alama za mililita, pima pistoni inabaki chini ya uso wa bloku kiasi gani, kisha hesabu. Ni kazi ya mchana mmoja, na kila hatua inayofuata imesimama juu yake.

Ujazo nao una uzito wake. Kemshafti ya 230 kwa kipimo cha elfu 50 kwenye injini ya inchi 396 itaonekana kali, kwenye 454 itakuwa ya kawaida, na kwenye 496 iliyoongezwa strok, yaani safari ya pistoni, itaonekana mpole. Injini kubwa huimeza kemshafti. Ukimwona jirani anafurahia kemshafti fulani, muulize kwanza ujazo wa injini yake.

Juu ya petroli, neno moja kwa wenzetu wa Ghuba, maana Muscat na Dubai nako magari haya yapo: okteni 95 ya kule inakaribiana na 91 ya kwenye pampu za Marekani, na 98 inakaribiana na 93. Upimaji ndio tofauti. Usishtuke ukisoma mwongozo wa Mmarekani anayesema injini yake inakwenda vizuri na 91.

Hatua ya 2: Tafuta vali ya hewa inajifunga wapi

Hapa ndipo ninapokuomba utulie.

Pistoni ikishuka inavuta hewa. Ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, vali ya hewa bado iko wazi. Mpaka ijifunge, pistoni haigandamizi chochote. Kwenye mizunguko midogo hata inarudisha sehemu ya hewa kwenye manifoldi. Mgandamizo unaanza vali inapojifunga. Kwa hiyo ule uwiano wa 10 au 8.5 ulioandika kwenye karatasi ni wa jina. Injini inaishi na uwiano mwingine, mdogo zaidi, na kemshafti ndiyo inayouamua.

Hesabu yenyewe: gawa muda wa hewa, ile namba ndefu, kwa 2. Jumlisha na digrii ya kilele cha nundu ya hewa, inayohesabiwa tangu pistoni ilipokuwa juu kabisa na kuandikwa kwenye kadi ya kemshafti. Toa 180. Kemshafti ya 268 iliyowekwa kwenye 106: 134 jumlisha 106 toa 180 ni 60. Vali inajifunga digrii 60 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Ya 292 kwenye 106 hujifunga digrii 72.

Sasa tuiweke kwenye 454. Strok yake ni milimita 101.6 na konirodi yake ni milimita 155.8. Vali ikijifunga digrii 60, pistoni imebakiza milimita 82.5 za kupanda. Ikijifunga digrii 72, imebakiza 74.2. Chemba ya injini yenye mgandamizo wa 8.5 ni sawa na milimita 13.55 za silinda, yaani 101.6 gawa kwa 7.5. Basi kwa kemshafti ya 268 mgandamizo halisi ni 82.5 jumlisha 13.55, gawa kwa 13.55: unapata 7.1. Kwa kemshafti ya 292 unapata 6.5.

Injini ya bloku kubwa yenye hedi za chuma, kwa petroli bora ya pampu, hupendeza mgandamizo halisi ukiwa kati ya 7.5 na 8.2 hivi. Hedi za alumini hutoa joto haraka, kwa hiyo zinavumilia mpaka karibu 8.5. Chini ya 7, gari linakuwa zito kuondoka. Kwenye 6.5 una lita 7.4 zinazovuta kama lita 5 mpaka mizunguko 3,000 ipite.

Mzee mmoja aliniletea Chevelle ya namna hiyo. Injini ilitoka kwenye lori dogo, mgandamizo 8.5, na gereji moja ilimfungia kemshafti ya 292 kwa sababu aliomba gari lisikike. Lilisikika. Lakini kwenye taa lilitetemeka hadi vioo, pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na magari ya kupelekea watoto shule yalimpita. Kipimo cha kompresheni kilisoma psi (pauni kwa inchi mraba) 125 kwenye silinda zote nane, na usawa huo ulinionyesha kwamba ringi na vali ni nzima. Nilifunga kemshafti ya 218 kwa 224 kwenye elfu 50. Psi ilipanda hadi karibu 150. Mzee alipoliendesha hakusema kitu, aliinamisha kichwa kwenye usukani kwa muda. Alikuwa amekaa na gari hilo miaka minne akidhani limezeeka.

Geuza hesabu upande wa pili pia, maana kosa la kinyume lipo. Chukua 454 yenye mgandamizo wa 10 na hedi za chuma. Chemba yake ni sawa na milimita 11.29. Kemshafti ya 268 inakupa 8.3, na hapo injini inaweza kugonga ikipanda mlima siku ya joto. Ya 276 kwenye 106 hujifunga digrii 64, pistoni ikiwa imebakiza 79.9, na mgandamizo halisi unashuka hadi 8.1. Ya 292 ingekupa 7.6. Mgandamizo mkubwa unaomba kemshafti ndefu zaidi. Mgandamizo mdogo unaikataa.

Ukimaliza hatua hii, tayari umefuta robo tatu ya katalogi.

Hatua ya 3: Oanisha na difu na toki konveta

Hesabu mizunguko ya injini kwenye kilomita 100 kwa saa. Kwa tairi ya kipenyo cha inchi 27 na giaboksi ya otomatiki isiyo na gia ya kupumzisha (overdrive), kama TH400 au TorqueFlite 727, difu ya 2.73 inakupa karibu mizunguko 2,110. Ya 3.73 inakupa 2,885. Ya 4.10 inakupa 3,170. Kemshafti inapaswa iwe imeamka kabla ya namba hiyo. Ukisafiri kwenye mizunguko 2,110 na kemshafti inayoanza kuvuta 2,800, kila ukikanyaga mafuta kidogo unasikia injini ikisitasita.

Kwa 454 au 440 ya tapeti za mafuta (zinazojirekebisha zenyewe kwa shinikizo la oili), mimi hugawanya hivi, kwa namba za elfu 50 za upande wa hewa. Kati ya 205 na 218 ni ya gari zito, difu ya 2.73 hadi 3.31 na konveta (kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki) ya kiwandani. Breki na eya kondishoni haziguswi. Kati ya 218 na 232 ndipo gari la mtaani linapostawi: difu ya 3.31 hadi 3.73, mgandamizo wa 9 hadi 10, konveta inayoshika kwenye 2,200 hadi 2,600. Kati ya 234 na 244 unahitaji mgandamizo wa 10 au zaidi, difu ya 3.73 hadi 4.10, konveta ya karibu 3,000, na moyo wa kuvumilia foleni. Juu ya 250 ni gari la mashindano, hata likiwa na namba ya usajili.

Konveta huwa inasahaulika. Ukiweka kemshafti ya 236 na kuacha konveta ya kiwandani inayoshika kwenye 1,700, ukitia gia gari litavuta mbele huku injini ikitaka kuzimika, na utalazimika kukaza mguu kwenye breki kila taa nyekundu. Kama bajeti inatosha kemshafti au konveta lakini si vyote viwili, chukua kemshafti ndogo. Mwenye gia za mkono ana nafuu hapa, maana anaondoka kwenye mizunguko anayotaka.

Hatua ya 4: Pembe kati ya nundu, vakyumu na breki

Pembe nyembamba, 106 hadi 108, inaongeza mpandano: torki ya katikati inanona, sauti inakuwa kali, vakyumu inapungua. Pembe pana, 112 hadi 114, inatuliza injini na kupanua eneo la nguvu. Kwa gari la mtaani lenye kabureta mimi hubaki 110 au 112. Kama umefunga mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta unaosoma vakyumu, nenda 112 au zaidi, la sivyo kompyuta itahangaika kila ukisimama.

Busta ya breki inataka vakyumu ya karibu inchi 16 za zebaki ili ifanye kazi vizuri. Chini ya 14 pedali inaanza kukaza. Breki si jambo la kujaribia. Ukijua kemshafti yako itatoa inchi 10, weka pampu ya umeme ya vakyumu au busta inayotumia mafuta ya pampu ya usukani kabla gari halijatoka, wala usiseme utaona baadaye.

Hedi za bloku kubwa ya Chevrolet zinapumua hewa vizuri sana na moshi kwa shida kidogo, ndiyo maana kemshafti nyingi zake zina muda wa moshi uliozidi wa hewa kwa digrii 6 hadi 10. Kama ekzosti yako bado ni manifoldi za chuma za kiwandani, ziada hiyo inasaidia kweli. Kama una mabomba marefu yaliyopangwa vizuri na hedi zilizochongwa njia za moshi, punguza. Na kama unachagua hedi pia, zile zenye njia za mviringo zinalifaa gari la mtaani kuliko zenye njia za mstatili, ambazo kwenye mizunguko midogo hewa hupita polepole kama maji kwenye mto mpana.

Hatua ya 5: Aina ya tapeti

Tapeti bapa za mafuta ndizo za bei nafuu na ndizo zilizofungwa kwenye nyingi ya injini hizi. Tapeti bapa ngumu zinapanda mizunguko zaidi, ila unazirekebisha mara kwa mara. Tapeti za rola za mafuta, zenye gurudumu dogo linaloviringika juu ya nundu, zinagharimu mara kadhaa, lakini nundu zake hufungua vali haraka, na hatari ya kusaga nundu siku ya kwanza inaondoka karibu yote. Chevrolet wenyewe walihamia rola kwenye bloku kubwa mwaka 1996. Kwa gari unalokusudia kukaa nalo, na mfuko ukiruhusu, mimi nasema rola.

Ukichagua rola kwenye bloku ya zamani, mambo mawili. Nundu za tapeti bapa zimechongwa kwa mwinamo mdogo unaoisukuma kemshafti nyuma isitembee. Za rola hazina mwinamo huo, kwa hiyo unahitaji kizuizi mbele, nyuma ya kifuniko cha cheni. Pili, kemshafti ya chuma kigumu inaitafuna gia ya kawaida ya distribyuta. Muulize muuzaji gia gani inakubaliana nayo, na jibu lake liwe limeandikwa.

Na ukiwa na 396 au 427 ya mwaka 1965 au 1966, simama. Injini hizo zinapitisha mafuta ya kulainishia kwenye mfereji uliochongwa kwenye shingo ya nyuma ya kemshafti. Kemshafti ya miaka ya baadaye haina mfereji huo, na ukiifunga hivihivi utainyima injini mafuta. Agiza yenye mfereji.

Hatua ya 6: Springi na nafasi

Springi huchaguliwa pamoja na kemshafti, kutoka kwenye kadi ya kemshafti hiyo. Springi za zamani zilizochoka zitaachia vali ielee, yaani ishindwe kufunga kwa wakati. Springi kali kupita kiasi zitasaga nundu za tapeti bapa.

Pima kwa mkono wako, usiamini kwamba itatosha. Springi ikibonyezwa hadi mwisho wa mnyanyuo ibakize angalau milimita 1.5 kabla mizunguko yake haijagusana. Kati ya kishikio cha springi na sili ya vali iwepo nafasi kama hiyo. Kati ya vali na pistoni, kwa kutumia udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni na kuzungusha injini kwa mkono, upande wa hewa ubaki na milimita 2, na upande wa moshi 2.5. Vali ya moshi huwaka na kurefuka, na pistoni huwa inaikimbiza, ndiyo maana inapewa zaidi.

Hatua ya 7: Funga na uhakikishe digrii

Alama za gia za taimingi hazitoshi. Gia huchongwa na watu, na digrii 4 za kosa zinabadilisha ile namba yako ya kujifunga kwa digrii 4.

Funga sahani ya digrii kwenye krenki. Weka kizuizi cha pistoni kwenye silinda ya kwanza, zungusha taratibu mpaka pistoni iguse, andika namba. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, andika. Ukipata 32 na 36, sogeza sahani mpaka zote zisome 34; sasa sifuri ya sahani ni kilele cha kweli. Ondoa kizuizi. Weka dayo geji (kipimo chenye mshale) juu ya tapeti ya hewa na utafute mnyanyuo wa juu kabisa. Rudi nyuma kupita kiasi, kisha zungusha mbele mpaka ubakize elfu 50 kufikia kilele, soma digrii. Endelea mbele, upite kilele, ushuke elfu 50, soma tena. Jumlisha, gawa kwa 2. Ukisoma 70 na 142, kilele cha nundu kiko 106. Kadi ikisema 106, umemaliza. Ikisema 106 na wewe una 110, sogeza gia ya krenki yenye mashimo mengi ya ufunguo mpaka ifike.

Wakati wote zungusha injini upande mmoja tu unapokaribia kusoma, vinginevyo ulegevu wa cheni utakudanganya.

Hatua ya 8: Kurekebisha tapeti na kuwasha mara ya kwanza

Kwa tapeti za mafuta, zungusha injini mpaka vali ya moshi ya silinda ianze kufunguka. Hapo rekebisha ya hewa. Vali ya hewa ikifunguka na kukaribia kufunga, rekebisha ya moshi. Kaza nati ya roka huku ukiizungusha pushirodi kwa vidole mpaka ulegevu uishe, kisha ongeza nusu mzunguko.

Kama ni tapeti bapa, dakika 30 za kwanza zinaamua uhai wa kemshafti. Tapeti ziwe mpya, zisizowahi kufanya kazi kwenye kemshafti nyingine. Paka kila nundu na kila tako la tapeti mafuta mazito ya kuvunjia, yaani ya kuzoesha vyuma vipya. Tumia oili ya kuvunjia injini yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili za kisasa za magari madogo zimepunguziwa viungo hivyo ili kulinda vifaa vya kusafishia moshi. Kama springi ni za ndani na nje, toa za ndani kwa muda. Jaza kabureta petroli, weka taimingi ya cheche karibu na sawa, hakikisha radieta imejaa, ili injini iwake mara moja bila kuzungushwa sana na stata.

Ikiwaka, ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2,000 na uitembeze kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Usiiache ingurume chini, kwa sababu nundu zinalainishwa na mafuta yanayorushwa na krenki, na krenki ikienda polepole hairushi ya kutosha. Ukiona inavuja au inachemka, zima, tengeneza, washa tena, endelea pale ulipoishia. Kisha mwaga oili, badilisha filta, na uikate filta ya zamani kwa msumeno. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa na kushikwa na sumaku ni nundu inayokufa, na hapo usiendeshe hata kufika dukani.

Hatua ya 9: Kuipa injini inachoomba

Kemshafti mpya inataka taimingi ya kuanzia iliyo mbele zaidi, mara nyingi digrii 14 hadi 18 badala ya zile chache za kiwandani, na jumla yake ibaki kati ya 34 na 38. Fupisha safari ya uzito ndani ya distribyuta ili jumla isipite hapo. Ukitumia Holley, pima vakyumu gari likiwa kwenye gia, gawa kwa 2, na uweke pawa vali (vali ya kabureta inayoongeza petroli vakyumu ikishuka) inayokaribia namba hiyo. Ile ya 6.5 iliyokuja nayo itafunguka bila kuombwa kama injini yako inavuta inchi 6 tu, na plagi zitakuwa nyeusi wiki nzima usijue sababu.

Baada ya siku chache za kuendesha, pima tena kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, kabureta wazi kabisa. Psi 160 hadi 180 kwenye injini ya mgandamizo wa 9.5 au 10 inaonyesha kwamba vali ya hewa inajifunga pale ulipoihesabia. Andika namba za silinda zote nane pamoja na tarehe kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, uitie kwenye mfuko wa plastiki, na uiweke ndani ya gari.